Shati la Serikali kwa Ng'ombe wa Ntimaru

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mifugo ya Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru, niliripoti na digrii mpya na kaptula iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama yenyewe. Daktari wa Mifugo, mkuu wangu, alinikabidhi kasha la sindano za kuteremsha maziwa. Alinieleza kwamba dawa ile ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa chembe zinazojenga protini, na kwamba ubongo wa ng'ombe huitoa wenyewe anapomnusa ndama wake.

"Sindano ni ya kumsaidia tu," alisema. "Ukimzoesha, atakaa akikungoja wewe."

Nikapelekwa Ntimaru, kijiji cha wafugaji mbali na ofisi. Asubuhi moja ya ukungu nilimzalisha ng'ombe wa Mama Robi, mjane aliyekuwa akimlea mjukuu wake Gati, mtoto mchanga aliyefiwa na mama. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yangekuwa uhai wa Gati. Ndama akatoka amekufa. Wafugaji wa huko humchuna ndama wa namna hiyo, na kuijaza ngozi yake nyasi ili mama ailambe na kukubali kukamuliwa. Lakini tulipokuwa tunahangaika na kondo la nyuma, mbwa waliukokota mzoga na kuirarua ngozi.

Nilidunga sindano, maziwa yakashuka. Baada ya siku chache kasha likawa tupu, na ng'ombe akawa ananirushia mateke. Gati alinyonya kidole cha nyanya yake, macho yakimlegea.

"Daktari," Mama Robi aliniuliza taratibu, "hiyo digrii yako inakamuliwa wapi?"

Akaenda uani, akalitoa shati langu la kazi nililoliacha kwake siku ya uzazi, limelowa maji ya ndama na bado halijafuliwa, akalitandika mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akalinusa, akalilamba, akafumba macho nusu. Kisha maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu.

Mkuu wangu alipokuja ukaguzi alinikuta na fulana, akauliza sare ya serikali iko wapi. Nikamwonyesha. Akamtazama ng'ombe akililamba.

"Basi usiifue," akasema.

Shati liliisha uzi kwa uzi kwa kulambwa, Gati akanenepa. Sasa nimestaafu, na vijana wakiniuliza peptidi ile hufanya nini, nawaeleza habari za neva na misuli midogo ya kiwele. Kisha namwona tena ng'ombe yule, akigeuza kichwa kuelekea kilio cha Gati ndani ya nyumba, maziwa yakidondoka mavumbini kabla ya yeyote kumgusa.