Aliyesoma Hukumu Kuanzia Mwisho

Alhamisi ile, saa ya kipindi cha sheria ilipofika, redio ilikoroma kidogo kisha ikanyamaza. Saluni, gereji na madukani watu walitazamana. Sauti ya Mzee Kifungu, nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini, haikuja. Mtangazaji akaweka muziki.

Mzee Kifungu, kama wasikilizaji walivyombatiza, alikuwa wakili mstaafu aliyewachambulia watu hukumu za mahakama kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa na mazoea yake: hukumu aliianzia mwishoni, maana ndiko amri hukaa, na macho yake yalishachoka. Naye alifunga kila kipindi kwa maneno yaleyale: "Msiuze, msihame, msisaini, mpaka sehemu ya pili."

Wiki iliyotangulia alichambua hukumu ya majaji watatu kuhusu mjane asiye na cheti cha ndoa. Akatangaza kwamba mjane wa namna hiyo hana chake katika nyumba aliyoijenga na marehemu.

Alhamisi hiyo, muda mfupi kabla ya kipindi, akiandaa sehemu ya pili nyumbani kwake, alirudi nyuma kurasa chache akakuta sentensi: "Kwa masikitiko, sikubaliani na wenzangu." Akaweka kikombe cha chai chini, akaanza kusoma upya. Aliyoyatangaza yalikuwa maoni ya jaji mmoja aliyewapinga wenzake, yaliyowekwa mwishoni. Wale wawili, waliokuwa wengi, walikuwa wamempa mjane nyumba yake.

Kabla hajafunga kurasa, mkewe akapiga simu kutoka dukani.

"Mume wangu, fundi wako wa mashati anafungasha vyombo. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, kaja kuchukua funguo za nyumba. Anasema redio imeshasema."

Fundi cherehani yule alikuwa ameishi na mumewe bila cheti cha ndoa wala kelele, hadi kifo kilipowatenganisha. Mzee alitoka na ndala miguuni, hukumu kwapani. Studio walimpigia njiani, hakupokea. Aliwaza jinsi sauti ya mtu inavyoingia nyumba za watu bila kupiga hodi, ikahamisha vitanda.

Alimkuta shemeji mtu kakaa juu ya sanduku, kama aliyeota mizizi. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Funguo zilining'inia shingoni mwa fundi.

"Hujampa?" Mzee aliuliza, akihema.

"Nimpe vipi? Si wewe unayetukataza mpaka sehemu ya pili? Nimefungasha, lakini nikamwambia angoje redio."

"Redio yenyewe inapiga ngoma tu," shemeji alinung'unika.

"Sehemu ya pili ndiyo hii hapa." Mzee alifungua kurasa, akasoma aya ya majaji wawili, kisha akairudia polepole. "Nilikosea, mwanangu. Nilimsoma aliyeshindwa nikamfanya mshindi. Nyumba ni yako."

Shemeji alichukua karatasi, akapitisha kidole kwenye kila mstari, akarudisha. Akainuka, akavaa kofia.

"Kwa hiyo mzee mzima unasoma miguu juu kichwa chini."

"Leo sibishi."

Shemeji alipotoka, fundi aliketi juu ya sanduku lilelile, akashusha pumzi ndefu, kisha akacheka huku akijifuta macho.

"Haya, nisaidie kamba hizi. Nilizikaza kwa hasira."

Mzee alipiga magoti, akafungua fundo la kwanza kwa meno.

Alijisahihisha hewani wiki iliyofuata, kisha akaaga redio. Siku hizi amepanga chumba cha mbele cha nyumba ya fundi, na huko huwasomea watu hukumu zao kuanzia ukurasa wa kwanza.