Mikorosho Niliyoipanda Kabla ya Ndoa

Mimi sikusoma. Nilitolewa darasa la pili nikaingizwa unyagoni, na shule sikurudi tena. Nasema mapema ili mtu asitafute maneno makubwa humu. Lakini nyumba ya bati niliyo nayo Likombe nimeijenga mwenyewe, na binti zangu wawili wamekula, wamevaa na wamesoma kwa korosho zangu. Korosho hizo nusura zichukuliwe nikiwa ndani ya eda.

Ukoo wa mama yangu ulikuwa na desturi yake. Mwali akitolewa unyagoni, kabla hajatembezwa kwa ndugu kutuzwa, kungwi wake humpeleka shambani na mbegu za korosho zimefungwa kwenye pindo la kanga. Mwali anapanda kipande chake mwenyewe, kichwa bado kinang'aa kwa wembe. Bibi yangu, aliyetufuata shambani, hakutupa maelezo. Alisema tu, "Chimbeni, jua linapanda."

Nilipoolewa, mikorosho yangu ilikuwa imeanza kuzaa. Mume wangu, mtu wa vijiji vya Ruvuma, alikuja kukaa kwetu kama wanaume wa huku walivyofanya: nyumba ya mke, shamba la mke. Msimu ukifika alikwenda bandarini kupakia magunia, na jioni alirudi na samaki. Alikuwa mtu mwema. Homa ilimchukua mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mtoto wa kiume sikumzalia.

Nikakaa eda. Nimejifunika shuka nyeupe chumbani, huko nje mabibo yameiva yanaanguka, harufu inanifuata mpaka kitandani. Siku moja nikasikia watu wanaokota. Nikachungulia dirishani: shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na nduguze, kila mmoja na kapu lake.

"Shemeji, mnaokota za nani?"

"Za marehemu. Hakuacha mtoto wa kiume, sisi ni warithi. Hiyo ndiyo dini, shemeji, siyo ngoma zenu."

Kwao mila ni ile ile ya kwetu, na yeye mwenyewe alilima shamba la mkewe. Siku hiyo ndipo alipoikumbuka dini.

Kimila wa kunisemea alikuwa mjomba, kaka wa mama. Mjomba akaja, akakaa barazani, akavuta ugoro wake taratibu. "Mpwa wangu," akasema, "mambo ya kitabu tuwaachie wenye kitabu."

"Basi mwiteni mwenye kitabu," nikamjibu nikiwa nyuma ya pazia.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja baada ya swala ya alasiri. Sikuwa na tumaini kubwa kwake, maana kila mwaka alisimama msikitini kuusema vibaya unyago wetu. Akakaa mkekani, akawaeleza wote. Alichoacha marehemu kitagawanywa: mke ana fungu lake, mabinti lao, ndugu wanachukua kinachobaki. "Lakini mali ya mwanamke ni yake," akasema. "Mume hana fungu humo akiwa hai, sembuse ndugu zake. Swali ni moja. Mikorosho hii kaipanda nani?"

"Kaka yangu," akasema shemeji. "Mwanamke atapanda shamba lote hili?"

"Nimeipanda mimi, nilipotoka unyagoni," nikasema. "Kungwi wangu yupo, aulizwe."

Akaitwa kungwi, bibi mfupi asiye na meno. Wanawake waliokuwa nami chumbani wakasogelea pazia, maana walijua. Mambo ya mwali hayasemwi mbele ya wanaume. Akisema, heshima yake imekwisha. Asiposema, shamba langu limekwenda.

"Bibi, ulimwona huyu akipanda?" mwalimu akamuuliza.

"Mambo ya mwali siyasemi hapa."

Shemeji akacheka. "Hana ushahidi huyo."

"Ninao wa kwangu," kungwi akasema. "Mwalimu, nipe ruhusa nimuulize huyu baba. Baba, siku ya harusi ya kaka yako ulikuja?"

"Nilikuja."

"Ulilala wapi?"

Shemeji akaanza kusogeza kapu lake.

"Mkeka niliokutandikia ulibaki mtupu. Ulilewa uraka wa mabibo mpaka ua ukakushinda kuvuka. Asubuhi tukakukuta chini ya mkorosho ule, ule wenye tawi lililoinama, bibo limekupasukia kwenye kanzu. Na kaka yako siku hiyo ndiyo kwanza anaingia kwetu. Sasa niambie, mkorosho uliokulalisha aliupanda lini?"

Mjomba akapaliwa na ugoro wake. Shemeji akamtazama mwalimu, akaitazama miguu yake. "Nilikuwa kijana," akasema.

"Sijakuuliza uraka," mwalimu akasema. "Nakuuliza mkorosho."

"Ulikuwepo."

"Rudisheni korosho za mwenyewe."

Wakamimina makapu pale pale uani. Vya marehemu, baiskeli na redio, tuligawana kwa haki. Shemeji aliondoka na baiskeli, na sikumnung'unikia.

Wako wanaosema dini ilitukalia wanawake, wako wanaosema mila ndiyo iliyotukalia. Mimi vyote viwili vilinisimamia siku hiyo, kwa sababu sikukubali kunyamaza nyuma ya pazia. Na palipohitaji kubadilishwa nilibadilisha. Binti yangu mkubwa alipofikia umri, nilimwambia kungwi, "Huyu ataingia unyagoni wakati wa likizo, shule ikifunguliwa anarudi darasani." Akaninunia wiki nzima, kisha akaja mwenyewe kuuliza likizo ni lini. Binti akapanda kipande chake, akarudi shule. Mimi nami jioni nikaingia elimu ya watu wazima nikajifunza kuandika jina langu.

Mwaka huo huo mwalimu wa chuo alifika kwangu na binti yake aliyekuwa amehitimu Kurani. Unyago hakuutaja. Alikohoa, akauliza kama nina mbegu nzuri, anataka binti naye apande.

Nikaleta karai la maji, nikamwaga korosho humo. Zilizoelea nikazitenga za kukaanga. Zilizozama nikamfungia binti kwenye pindo la kanga yake, nikamwambia akachimbe, jua linapanda.