Kiwiko cha Katibu

Katibu wa kikundi cha wananchi pale Bagara, mjini Babati, aliogopa kitu kimoja tu, vyama vya siasa. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, kila chama kilikuja na saluti yake, basi yeye akapiga marufuku kiganja, ngumi na vidole viwili. Anayejitolea kazi ainue kiwiko. Kabla ya kuandika jina alipangusa daftari kwa kofia, hata kama halina vumbi. Siku moja alitafuta watu wa kuzibua mtaro, maana mvua ikinyesha maji yangeingia hadi kitandani kwa Mama Edda. Kiwiko kilichoinuka ni cha Mama Edda peke yake.

“Mmoja hatoshi, mama,” katibu akasema, akavua kofia, akajikuna kisogo.

“Wawili,” Mama Edda akahesabu.

“Mama, nilikuwa najikuna.”

“Sheria ni yako, mwanangu. Haikusema lolote juu ya upele.”

Watu wakacheka mpaka viwiko vingine vitano vikapanda. Katibu akapangusa daftari, akaandika jina lake mwenyewe. Jumamosi mtaro ukazibuka. Tangu hapo akiwashwa kisogo hujikuna kwa kalamu, kiwiko amekibana ubavuni.