Ni Visima au Matangi?

Masika yalipoleta kipindupindu mtaani kwetu Mbagala, mwenyekiti wa mtaa aliniletea ripoti ya watafiti wa maji niitafsiri, kwa kuwa nafundisha Kiingereza sekondari. Alitaka kuitangaza msikitini na kanisani.

Nilienda vizuri mpaka sentensi moja. Ilisema watafiti wamepima matangi yaliyo kando ya visima, kisha likafuata neno "which", yaani "ambayo" au "ambavyo", na habari kwamba dawa imeshatiwa na maji sasa ni salama. Nikakwama. Kiingereza kilitosheka na neno hilo. Kiswahili kilinitaka nichague. Matangi yaliyotiwa dawa, au visima vilivyotiwa dawa?

"Visima," mwenyekiti alisema. "Mie hata nimeshawaambia majirani asubuhi."

Mama yangu, ninayeishi naye pamoja na mwanangu mdogo, huchota kisimani. Nikampigia mtafiti aliyeandika, namba yake ilikuwa chini ya ripoti.

"Samahani dada, kilichotiwa dawa ni visima au matangi?"

"Matangi. Visima bado vina vimelea. Si nimeandika?"

"Umeandika, ila inasomeka kwa maana zote mbili."

"Wazuie watu," akasema. "Nakuja."

Mwenyekiti akatoka mbio nyumba kwa nyumba, mie nikakimbilia kwangu. Mama alikuwa anaosha vikombe.

"Mama, maji haya umechota wapi?"

"Kisimani. Si wamesema yako sawa?"

"Mtoto kanywa?"

"Kanywa tangu asubuhi." Kisha akaniona uso, akakiweka kikombe chini taratibu.

Kesho yake mwanangu akaanza kuharisha maji matupu. Tulipofika zahanati macho yake yalikuwa yameshazama. Muuguzi alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kwa kukaukiwa maji, akamtundikia dripu haraka bila kuniambia kitu. Niliogopa kumuuliza. Nilimshika mtoto mguu nikawa naupima joto kwa kiganja, nikitoa mkono naogopa, nikiurudisha naogopa.

Mtafiti alikuja pale, viatu vimejaa matope ya mtaani kwetu. Alinisomea alivyoiandika upya ile sentensi: matangi yametiwa dawa, visima havijatiwa, msinywe. Akamtazama mwanangu, akaikunja karatasi. Mama ndiye aliyemsogezea benchi.

Jua lilipokuwa linashuka, mtoto akakojoa, akanilowesha gauni lote. Muuguzi akacheka. "Hiyo ndiyo tulikuwa tunaisubiri, maji yamerudi mwilini," akasema, na hapo ndipo nilipoweza kulia.