Gari Halikujui Tena

Shida zilinianza mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba, kibarua wa reli, alifariki, nami nikaacha shule darasa la nne. Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kibanda cha funguo mtaani Kariobangi, Fundi Mkuu, Mkamba aliyechonga vinyago kabla ya kugeukia funguo, alinipa tupa na kipande cha shaba, akaniambia nisugue mpaka nione uso wangu. Jioni nikauona. Ulikuwa mchafu.

Nyinyi vijana mnakata kwa mashine. Sisi tulipaka ufunguo masizi ya mshumaa, tukautia kwenye kitasa, tukauzungusha, kisha tukasoma palipokwaruzika. Hapo ndipo unaposugua. Na Fundi Mkuu hakumkatia mtu ufunguo wa gari kabla ya kumwambia afungue boneti.

"Mwenye gari anajua ulemavu wake," alisema. "Mwizi anajua bei tu."

Kutoka kwake nikahamia gereji ya Nyapara mmoja mkali, aliyetutukana asubuhi na kutulisha mchana. Kwake ndiko nilikojifunza mambo ya chipu. Hicho ni kijidude kilichofichwa kichwani mwa ufunguo. Gari lisipokitambua, injini haiwaki hata ufunguo ukizunguka. Unachomeka kompyuta chini ya usukani, unafuta funguo zote za zamani, unalitambulisha gari kwa ufunguo mpya. Kiingereza cha ile kompyuta sikukijua. Nilikishika kichwani kama nyimbo za kanisani.

Nilipopata kibanda changu, Mama Nekesa wa mtaa wa Kware aliniita. Mumewe alikuwa amezikwa majuzi, na ufunguo wa pikapu ukapotelea matangani. Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba sukuma wiki zake sokoni; bila hiyo watoto hawali. Nikamwambia afungue boneti kwanza. Akaigonga ngumi upande wa kushoto, ikaruka.

"Umemaliza kunipima, mzee?"

Nikakata, nikaprogramu, nikafuta za zamani.

Nilikuwa nakusanya vyombo shemeji yake alipofika, akatangaza kwamba gari ni la ukoo na amekuja kulichukua. Akaingia, akatoa ufunguo mfukoni. Ule ule uliopotea. Ukazunguka vizuri. Injini kimya.

Wapangaji wa ghorofa alimoishi Mama Nekesa walishajaa kwenye roshani. Mama Nekesa hakupandisha sauti.

"Shemeji, si wewe ulitusaidia kuutafuta mpaka kwenye majivu ya jikoni?"

Yule shemeji akanigeukia mimi, eti niliwashe.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "gari halikujui tena."

Huko juu mtu akamwitia boda boda. Akaondoka nayo.

Sasa nimestaafu, macho hayasomi mikwaruzo. Kazi nimeifanya, na nimeifanya vizuri. Ila nawaambia wazi: fundi anayekata ufunguo bila kumjua mwenye gari ni mwizi mwenye risiti.

Nilicho nacho leo ni hiki: nyumba ya mawe mtaani Mowlem, vyumba sita vya kupangisha, mashine mbili nilizokodisha kwa mafundi, ng'ombe wawili kijijini, mke mmoja, meno karibu yote. Gari sina. Siku za soko Mama Nekesa hunipitia na pikapu yake, nami hukaa mbele.