Shangazi, Fundi na Zana ya Kutuma Ujumbe

Shangazi yangu anaandika maelezo yanayosomwa na mashine. Nikiwaambia wenzangu darasani wanacheka: "Kwani mashine ina macho?" Nami nilikuwa nacheka nao, mpaka likizo hii aliponiruhusu nikae naye kazini.

Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Wako wanne tu, wanatengeneza programu ya miadi ya hospitali. Kabla ya hapo shangazi alikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la dawa akiandika lebo za chupa, ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Lebo. Siku hizi wana msaidizi wa akili bandia, wanamwita Wakala, anayeandika na kurekebisha programu mwenyewe. Wakala ana zana zake: moja inasoma orodha ya wagonjwa, nyingine inafungua mafaili, nyingine inatuma ujumbe kwenye simu. Kila zana ina maelezo yake mafupi, na kuyaandika ndiyo kazi ya shangazi.

"Kwa nini asijifunze kwa kuwaangalia tu?" nilimwuliza.

"Yeye hatuoni, mwanangu, wala hatusikii. Anachokijua kuhusu zana ni kile nilichoandika. Nisichoandika, kwake hakipo."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Pale ofisini wana kawaida yao. Ujumbe wa wagonjwa ukiwa tayari, Mhandisi, ambaye ndiye mkubwa wao, husimama na kupaza sauti: "Natuma!" Wote huondoa mikono kwenye kibodi, huikagua orodha pamoja, na mpaka kila mmoja aseme "sawa" ndipo yeye hubonyeza. Mara ya kwanza nilidhani tunapigwa picha, nikakaa vizuri. Wameizoea mno kawaida hiyo, hata hakuna aliyewahi kuiandika popote. Maelezo ya zana ya kutuma yalikuwa mstari mmoja: "Hutuma ujumbe kwa wagonjwa walio kwenye orodha."

Jumanne mchana Mhandisi alimwagiza Wakala ajaribu sehemu mpya ya kuahirisha miadi. Wakala akatafuta zana inayofaa, akaikuta hiyo, akaitumia. Hatukusikia "Natuma!" Tulichosikia ni simu ya mezani, na sauti ya muuguzi mkuu: "Nani amewaambia wagonjwa wangu wasije kesho?"

Walikuwa wagonjwa wa figo, thelathini na saba, wanaosafishwa damu kwa mashine. Wote walikuwa wameambiwa warudi wiki ijayo.

Wakaanza kuwapigia mmoja mmoja. Nilipewa kalamu niweke alama kwa kila aliyejibu. Kufikia saa kumi na moja zilikuwa alama thelathini na sita. Aliyebaki alikuwa fundi cherehani, na simu yake haipatikani. Tukaenda kwake kwa miguu, shangazi akitembea mbele kama anayefukuzwa. Tukakuta mlango una kufuli.

"Amekwenda kumsalimia dada yake," alisema jirani. "Anakoishi sikujui. Na hiyo simu yake, betri mpaka uibembeleze."

Shangazi alisimama akilitazama lile kufuli. Nikataka kumpoza. "Lakini aliyekosea ni Wakala, shangazi."

"Mgonjwa akinywa vijiko vitatu kwa sababu sikuandika kimoja, utamlaumu mgonjwa?"

Tulirudi ofisini.

Fundi alirudi Alhamisi jioni, miguu imevimba, akihema kama aliyepanda ngazi. Akapelekwa hospitali moja kwa moja, akalazwa. Jumamosi shangazi alikwenda wodini, nami nyuma yake.

"Pole, fundi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika maelezo yaliyosababisha ule ujumbe." Akamweleza yote, hata ile kelele ya "Natuma!"

Fundi alikunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Nilifurahi, unajua?" alisema mwishowe. "Nilipousoma nilidhani nimepewa likizo."

Shangazi akainamisha kichwa. Kisha akatoa karatasi mkobani. "Nimeyaandika upya. Wenzangu wakisoma wanaelewa hata nisichoandika. Wewe hutujui. Naomba usome."

Fundi alivaa miwani, akasoma polepole kwa sauti: "Zana hii hutuma ujumbe halisi kwenye simu za wagonjwa papo hapo. Ukishatoka haurudi. Usiitumie kwa majaribio. Ipo zana nyingine ya kujaribia, isiyomfikia mtu yeyote. Kabla ya kutuma, mwonyeshe mtu wa ofisini ujumbe na orodha, usubiri akujibu."

Akaishusha karatasi. "Asipojibu?"

"Vipi?"

"Huyo mtu. Labda simu yake imezima, kama yangu. Huyo Wakala wenu afanyeje?"

Shangazi aliichukua karatasi, akaisoma tena. Kumbe hata mimi sikuliona pengo hilo, na nilikuwa nimeisoma karatasi ile mara nne!

"Mimi nikimwuliza mteja urefu wa suruali akakaa kimya," alisema fundi, "sikati kitambaa."

Shangazi aliweka karatasi kwenye meza ndogo ya kitandani, kando ya kikombe cha maji, akaongeza mstari kwa kalamu. Akamgeuzia fundi asome.

"Asipojibu, usitume," alisoma fundi. Akarudia tena kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akamrudishia karatasi yake.

"Sawa," alisema.