Aliiba Skripti Yangu, Sasa Anataka Nimtengenezee

Admin, ficha jina langu. Ingawa hata ukiandika Masika hakuna atakayenijua, maana kwetu Wakonzo binti wa kwanza ni Masika, na hapa Kasese, Uganda, tumejaa.

Nina miaka 28, nafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi ya wakulima. Niliandika skripti, yaani programu ndogo ya kulinganisha faili mbili: wakulima wa msimu uliopita na wa msimu huu. Inatoa ripoti ya nani katoka, nani kaingia, na kila mtu niliweka jina lake, la baba na kijiji.

Mchumba wangu, tuliyekuwa naye ofisi moja, aliinakili kimyakimya akaipeleka Bwera kwenye chama cha kahawa, akasema kaiandika yeye. Wakampa cheo. Huko huko akapata mwanamke mwingine, mimi nikaambiwa kwa simu, "Tuachane kwa amani." Amani gani? Nililia mpaka macho yakavimba, halafu nikaanza kungoja.

Malipo ni hapa hapa duniani. Yeye amekulia Jinja, desturi zetu hazijui. Aliona ripoti yangu ina maneno mengi, akaipamba: akabakiza jina la kwanza tu, akaongeza rangi. Sasa ikionyesha Baluku katoka, Baluku kaingia, anadhani ni mtu yule yule, anamruka kwenye orodha ya kupewa miche ya kahawa. Kumbe mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku, nyumba hadi nyumba! Wakulima wapya wamekosa miche.

Juzi akanipigia, sauti imelegea. "Masika, nisaidie bwana. Wamama iko hapa kwa mlango nalia. Ijumaa iko mkutano, mimi naonyesha ripoti kwa ukuta, wakubwa yote nakuja."

"Si ulisema iko yako?" nikamjibu. Nilifurahi, siwafichi.

Dada yangu ananiambia nimwachie Mungu. Mungu nimemwachia mengi, hili nalitaka mwenyewe.

Lakini wale akina mama hawajanikosea kitu. Kwa hiyo skripti nimeitengeneza, miche watapata. Ila mwisho wa ripoti nimeongeza mstari utakaotokea ukutani kwa herufi nyekundu, mbele ya wakubwa wote: "Kazi hii iliibwa kwa mwanamke wa Kasese. Muulizeni anayewasomea." Hataijaribu kwanza, mvivu namjua.

Bado sijaituma. Ndugu zangu, nitume hivi ilivyo, au niufute huo mstari? Wa kuniambia nisamehe, apite tu.